Nani Kasema Mtaa Huu Haukupangwa? Masomo Matano Niliyoyapata Kikwajuni

Wanachuo wenzangu, naanza na swali. Umekaa muda gani katika mji wa chuo chako? Sasa nitajie watu watano wa mtaa ulio jirani na hosteli yako, na usinihesabie mama ntilie, bodaboda wala mwenye nyumba unayemkwepa mwisho wa mwezi. Mimi mwaka jana swali hili lilinishinda. Nilikuwa nimeshakaa Unguja mwaka mmoja na nusu, mtoto wa Bara niliyekuja na begi moja na godoro, na mji nilioujua ulikuwa na vituo vitatu tu: darasani, hosteli, na Forodhani siku bumu likiingia.

Kisha ikaja asaimenti. Tulitakiwa tukiwa wawili wawili tuchague mtaa mmoja wa makazi katika Mji wa Zanzibar, tuuchore ramani na kuueleza. Alama 20, wiki nne. Mimi na mwenzangu, kijana tunayesoma naye kozi moja, tukaangukia Kikwajuni, na tukajiambia kazi hii ni ya mchana mmoja. Makala hii ni maelezo ya jinsi tulivyoharibu mchana huo, na mambo matano tuliyojifunza baadaye. Nayaandika kwa sababu wengi wetu tukimaliza tutakuwa maofisa mipango, walimu, wanahabari na watu wa miradi, yaani watu wanaoandika habari za mitaa ya wengine.

Mchana tulioharibu

Tulifika Jumanne saa 6 mchana. Jua kali, milango imerudishwa, paka amelala chini ya baraza, harufu ya samaki wa nazi inatoka uwani kwa watu. Mtaa umetulia tuli. Sisi tukaona bahati, hakuna wa kutusumbua. Tukapiga picha 46, tukapima kichochoro kwa hatua, tukahesabu mabati mapya na yenye kutu. Vichochoro vikatuzungusha mpaka tukajikuta tunapita mbele ya baraza moja mara tatu. Mara ya tatu mzee aliyekuwa amekaa pale na redio yake akatuita.

"Nyinyi watoto. Hii mara ya tatu mnapita. Mmepotea, au mmepoteza kitu?"

Mwenzangu akajibu haraka, "Tunafanya utafiti, mzee."

"Ala! Na utafiti huo salamu haumo?"

Tukaamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanigeukia mimi. "Na yule mama uliyempiga picha anaanika nguo zake, ulimwomba?"

Sikuwa nimemwomba. Nikaifuta picha ile palepale mbele yake, uso unaniwaka. Hakugomba. Alituambia tu twende kwanza kwa sheha na barua yetu ya chuo, halafu turudi baada ya alasiri. Tulipokuwa tunaondoka akaongeza, "Na mkija, mje kukaa kitako. Kupita hata mbuzi anapita."

Jioni ile tuliandika ripoti ya kurasa tatu. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Kikwajuni ni makazi yasiyopangwa, yenye msongamano wa nyumba na vichochoro visivyo na mpangilio." Tuliiona sentensi ya kitaalamu kabisa. Ikumbukeni, tutairudia.

Somo la kwanza: jua umesimama upande gani

Kikwajuni iko katika eneo linaloitwa Ng'ambo. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na maji yalikuwepo kweli. Mkono wa bahari ulikuwa unaingia na kuutenga Mji Mkongwe na ardhi ya upande wa mashariki, watu wakivuka kwa daraja. Ndiyo maana mpaka leo tunashuka daladala Darajani tukaenda sokoni bila kuona daraja lolote. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na ulipopita sasa ipo Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee wengi bado wanaiita Creek Road.

Upande wa Mji Mkongwe zilikuwa nyumba za mawe za matajiri, mabalozi na wafanyabiashara. Ng'ambo walikaa wengi waliokuwa wakiuendesha mji ule kwa mikono yao: wachukuzi, mafundi, mabaharia, wapishi, watu waliotoka utumwani, wageni kutoka Bara, Ngazija na kwingineko. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipohamia mjini mwaka 1911 maisha yake yalikuwa Ng'ambo, na taarabu yake ya Kiswahili ilikulia huko kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watalii wengi wanafika mpaka barabarani na kugeuza. Sisi wanafunzi tunafanya hivyohivyo, tofauti yetu ni kwamba hatuna kamera nzuri. Hebu lisikilize tena lile neno. Ng'ambo ya nani? Aliyezaliwa Kikwajuni, kwake yeye Shangani ndiyo ng'ambo. Jina lenyewe limetolewa na mtu aliyesimama upande mmoja akinyoosha kidole upande wa pili. Kabla hujaingia mtaani, jiulize wewe kidole chako unakinyoosha kutoka wapi.

Somo la pili: saa na salamu

Mtaa una ratiba yake. Mapema asubuhi ni wakati wa boflo, maandazi na watoto kwenda skuli. Kuanzia saa 4 mpaka adhuhuri ni kazi na jiko, na mtu anayezunguka saa hizo anaonekana mwizi au mtu wa kodi. Mtaa hufunguka baada ya sala ya alasiri. Mabaraza hujaa, kahawa hupita na kashata zake, bao na dhumna huchezwa, wanawake hukaa uwani au kwenye vizingiti. Magharibi ikiadhiniwa kila mtu huinuka. Kwa hiyo una kama saa mbili hivi za kuwa mtu miongoni mwa watu. Zitumie.

Salamu nayo ina kanuni. Anayepita ndiye anayewasalimu waliokaa. Mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Mimi nilizoea "mambo" na "poa", nikadhani nimemaliza. Kumbe hapa salamu ni mazungumzo kamili: hujambo, hali yako, wazee hawajambo, za kwenu, watu wa nyumbani je. Mwanzoni niliona tunapoteza muda. Baadaye nikagundua kwamba katika maswali yale madogo watu wanakupima wewe ni nani, umetoka wapi, una haraka gani. Ni usaili, na wewe ndiye unayesailiwa.

Mlangoni piga hodi ukiwa umesimama pembeni, usielekeze macho ndani. Ukipiga hodi mara tatu pasiwe na jibu, ondoka, na wala usinung'unike. Kwenye maskani, ambako vijana na wazee hukutana, kunywa kahawa na usikilize. Usianze kuuliza nani anampigia kura nani. Zanzibar siasa za vyama zimewahi kugawa ndugu wa nyumba moja, na mwanafunzi mwenye daftari anayeuliza mambo hayo hafunguliwi mdomo tena.

Somo la tatu: majina ni ramani ya kwanza

Kabla ya kufungua ramani ya simu, yasome majina. Kikwajuni inatokana na mkwaju. Miembeni ni penye miembe. Mchangani ni penye mchanga, Vikokotoni penye vikokoto. Kisima Majongoo palikuwa na kisima, na majongoo bila shaka. Ukivuka barabara kuingia Mji Mkongwe utakuta Mkunazini na Sokomuhogo, nayo yanajieleza. Aliyeyatoa majina haya alikuwa anaeleza pa kuchota maji, pa kupata kivuli, pa kununua chakula.

Kikwajuni yenyewe imegawika: kuna Kikwajuni Juu na Kikwajuni Bondeni. Sisi siku ya kwanza tulishangaa kwa nini nyumba fulani zimeinuliwa vizingiti vyake. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jina. Bondeni ni mahali ambako maji ya mvua yanashuka. Mtu wa mtaa haambiwi hilo, anakua nalo. Mgeni akiuliza tu, "Kwa nini hapa panaitwa hivi?" anapata somo la jiografia na historia kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Tulijifunza pia kwamba wenyeji hawaelekezi kwa namba za nyumba. Wanaelekeza kwa watu: pita kwa fundi cherehani, ukifika kwa muuza mkaa kata kulia, nyumba inayotazamana na msikiti. Ukitaka kuelekezwa, lazima uwajue watu wanaotajwa. Ukiwajua wale watano sita, tayari hupotei.

Somo la nne: nyumba ina mbele na nyuma

Nyumba ya Kiswahili ya Ng'ambo ukiisoma kutoka barabarani unasoma nusu yake. Mbele pana baraza. Ukiingia mlangoni kuna ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba kulia na kushoto. Mwisho wa ukumbi ni uwani: jiko, choo, mahali pa kufulia, pengine kisima. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo na paa la makuti. Siku hizi nyingi ni matofali na bati, lakini mpango ni uleule.

Hapa ndipo mimi na mwenzangu tulipoachana njia. Yeye alibaki barazani na yule mzee, ambaye kumbe alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Mimi mke wake alinishika mkono akanipeleka uwani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa mbuzi ya kukunia nazi. Vidole viliuma na nazi yenyewe niliikuna mpaka ikatoka na vipande vya kifuu, wakanicheka wote. Tangu siku hiyo sikuwa mgeni tena pale. Bi Mkubwa, ndivyo nilivyomwita, alikuwa akiniona tu anauliza, "Umekula?"

Wiki ya tatu tukalinganisha ramani zetu. Yake ilikuwa na misikiti, maduka, maskani, fundi redio, njia za kutokea barabara kubwa. Yangu ilikuwa na milango ya nyuma, nyumba ambazo nyua zake zimeungana mpaka mtu anapita tatu bila kutoka nje, bomba linalotoa maji usiku, mama anayeuza maandazi alfajiri, na uwanja mdogo ambako masufuria makubwa huinjikwa kukiwa na msiba au harusi. Ilikuwa mitaa miwili juu ya ardhi moja. Kama tungekabidhi ramani moja tu, yoyote kati ya hizo, tungekuwa tumeficha nusu ya maisha ya watu bila kusema uongo hata mmoja.

Kwa hiyo ukienda kufanya kazi ya namna hii, angalia nani uliyeongozana naye. Kikundi cha wavulana watupu kitarudi na mabaraza matupu.

Somo la tano: rudisha ulichoandika

Mwalimu alipojua tunaandika ripoti, akaiomba. Nilisita, lakini mtu ambaye nazi yake nimeiharibu siwezi kumnyima karatasi. Akavaa miwani, akachukua kalamu yangu. Hakufika mbali. Alipiga mstari chini ya "yasiyopangwa" na juu yake akaandika maneno mawili: "Na nani?"

Kisha akainuka na kututembeza. "Kichochoro hiki kwa nini kinapinda hapa?" Hatukujua. "Palikuwa na kisima cha watu wote. Hakuna aliyeruhusiwa kukijengea." Tukaenda mbele. "Milango ya nyumba hizi mbili inatazamana?" Haikutazamana, mmoja ulikuwa umesogezwa kando. "Mnadhani ni bahati? Mtu hajengi mlango wa kumchungulia jirani yake. Wazee walikaa, wakazungumza, wakakubaliana. Huko chuoni hilo mnaliitaje?"

Mwenzangu akasema kwa sauti ndogo, "Mipango."

"Basi. Semeni haukupimwa. Kupimwa na kupangwa ni vitu viwili."

Nilipofika hosteli sikulala mapema. Nilipitia vitabu vya kozi na nikaona kwamba neno letu lina historia ndefu. Mwaka 1923 mtaalamu wa mipango miji kutoka Uingereza, H. V. Lanchester, aliandika mpango wa mji wa Zanzibar akiitazama Ng'ambo kama eneo la kurekebishwa na wakubwa. Wakati huohuo wakazi walikuwa wakimiliki nyumba zao lakini si ardhi iliyo chini yake, na kodi za ardhi zilipopanda waligoma kulipa. Mgomo ule ulikuwa mwaka 1928, mwaka uleule Siti binti Saad aliokwenda Bombay. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya ilitaka kuwapa wanyonge makazi bora, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zikajengwa nyumba za ghorofa, nyingine hapohapo Kikwajuni. Miaka ya 1970 yakaja majumba marefu ya Michenzani. Waliopewa fleti walipata umeme, maji na choo cha ndani, jambo kubwa kwa wakati ule. Lakini kupata nafasi ya majumba yale, nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa, na nyua na mabaraza ya watu yakaenda nazo.

Hoja yangu si kwamba serikali zote zile zilikuwa na nia moja, maana hazikuwa nayo. Hoja ni kwamba kabla ya nyundo huja karatasi. Mtaa ukishaandikwa "holela", ni rahisi sana kwa mtu aliye mbali kuamua kwamba hakuna kitu pale cha kupoteza. Na karatasi ile mara nyingi imeandikwa na kijana kama mimi, aliyepita saa 6 mchana, akapiga picha 46 na kuwahi daladala.

Tukaiandika ripoti upya. Safari hii tukajawa na mapenzi. Tukasifu ujirani, tukasifu vichochoro, tukaandika kwamba mtaa ubaki kama ulivyo. Tukampelekea Mwalimu tukitegemea pongezi. Akasoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Sasa mmenipamba. Juzi hapa mgonjwa kabebwa juu ya kiti mpaka barabarani kwa sababu gari haiingii. Nyumba ikishika moto gari la zimamoto litasimama wapi? Mvua kubwa ikinyesha maji machafu yanaingia kwa jirani. Mimi sitaki mtaa wangu ubomolewe, na wala sitaki ubaki hivi hivi kwa ajili ya kupigwa picha. Nataka mtaro, na nataka njia moja pana. Wapi ipite, tuulizeni."

Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Mara ya kwanza tulimtukana bila kujua, mara ya pili tukamremba bila kumuuliza. Mara zote mbili tulikuwa tumeamua wenyewe. Ripoti ya tatu ilianza hivi: "Kikwajuni ni mtaa uliopangwa na wakazi wake, sehemu kubwa kabla ya kupimwa. Wakazi tuliozungumza nao wanataka mtaro na njia ya gari la dharura, na wana maoni kuhusu mahali pa kuipitisha." Chini yake tukaweka ramani zote mbili, ya baraza na ya uwani, na mstari wa nukta ukionyesha njia aliyoipendekeza Mwalimu na ile aliyoipendekeza Bi Mkubwa, maana hata wao wawili hawakukubaliana.

Tuliikabidhi ikiwa imechelewa siku tano na tukakatwa alama 3. Tulipata 14. Sijutii, ingawa siku ile matokeo yalipobandikwa nilijuta kidogo. Nakala moja tuliipeleka kwa sheha na nyingine iko kwa Mwalimu, ndani ya kabati la vyombo, pamoja na vyeti vya watoto wake.

Kazi yako ya wiki hii

Huhitaji kuwa Unguja. Uko Mombasa, Bagamoyo, Kigoma, Tabora au Dar, mtaa upo nyuma ya ukuta wa chuo chako. Chagua mmoja. Nenda saa 10 alasiri, simu ikiwa mfukoni. Salimia mabaraza matatu. Uliza swali moja tu: kwa nini hapa panaitwa hivi? Ukikaribishwa kukaa, kaa. Ukipewa kazi, fanya. Rudi siku ya pili na ya tatu, hata kama huna la kuuliza. Kisha andika ukurasa mmoja, na kabla hujampa mhadhiri wako, wape waliomo ndani yake wausome. Ubebe na kalamu, maana watakusahihisha.

Mimi Alhamisi nikiwa sina kipindi cha jioni bado naenda Kikwajuni. Nazi sasa naikuna vizuri.